Kuhama CentOS 7: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu seva za wasanidi na klasta

Haya ni maswali yanayorudi kila timu ya mifumo inapokaa kupanga kuhama kutoka CentOS 7, mfumo endeshi wa Linux, kwenda AlmaLinux 9 au Rocky Linux 9, huku ina seva za wasanidi wa programu upande mmoja na klasta (makundi ya seva zinazopokezana kazi) za Pacemaker, programu inayozisimamia, zenye hifadhidata ya PostgreSQL upande wa pili. Anayetumia Red Hat Enterprise Linux (RHEL) yenyewe, ambayo hizo zote zimetokana nayo, atakuta karibu yote yanamhusu. Anayetumia Debian au Ubuntu asiruke swali la hifadhidata, maana balaa linaloelezwa pale halichagui.

CentOS 7 yetu inafanya kazi vizuri. Haraka ya nini?

Inafanya kazi, ndiyo. Ila tangu tarehe 30 Juni 2024 mradi wa CentOS hautoi tena viraka vya usalama vya toleo hilo, na anwani ya mirrorlist.centos.org imezimwa, kwa hiyo ukiandika `yum update` kwenye seva ambayo mipangilio yake haijaguswa unarudishiwa kosa tu. Vifurushi vya zamani vimewekwa vault.centos.org, navyo vimebaki pale pale vilipokuwa siku ile.

Kuna hoja ambayo hupenda kuletwa vikaoni. Tarehe 1 Julai 2024, siku moja baada ya msaada kuisha, ulitangazwa udhaifu mkubwa wa OpenSSH, programu ya kuingia seva kwa mbali, CVE-2024-6387. CentOS 7 haikuguswa, kwa sababu OpenSSH yake ya 7.4 ilitoka kabla kosa lenyewe halijaingizwa. Toleo la 9 (la Alma, Rocky au RHEL) liliguswa. Hoja ni ya kweli, lakini toleo la 9 lilipata kiraka ndani ya siku chache. Siku udhaifu wa aina hiyo utakapoiangukia CentOS 7, kiraka utakishona mwenyewe.

AlmaLinux au Rocky? Na kwa nini 9 wakati 10 imeshatoka?

Kati ya Alma na Rocky, chagua moja usipoteze wiki nzima kwenye mjadala. Zote mbili zilizaliwa 2021 baada ya Red Hat kutangaza, Desemba 2020, kwamba CentOS 8 itakatishwa mwisho wa mwaka uliofuata. Rocky inafuata RHEL hatua kwa hatua. Alma, tangu 2023, inaahidi kwamba programu iliyoundwa kwa RHEL itaendeshwa bila shida, bila kujifunga kufanana nayo kwa kila kitu. Kwa klasta ya kawaida hutaona tofauti.

Kuhusu 9 na 10, angalia mashine zako. RHEL 9 na jamaa zake zinataka prosesa ya ngazi ya x86-64-v2, na RHEL 10 inataka v3, yaani yenye maagizo ya AVX2, ambayo Intel ilianza kuyaweka kwenye kizazi cha Haswell mwaka 2013. Ofisi nyingi zinaendesha seva zilizonunuliwa zikiwa zimetumika tayari Ulaya, na baadhi yake ni za kabla ya Haswell. Alma 10 ina toleo la pembeni kwa ajili ya v2, lakini RHEL 9 ina msaada hadi Mei 2032. Muda huo unatosha kununua seva nyingine.

Kitu cha kwanza kabisa ni kipi?

Orodha. Orodha ya kweli, iliyotolewa kwenye seva zenyewe, kwa sababu ile ya kwenye lahajedwali mara nyingi imeandikwa na mtu aliyekwishaacha kazi. Kwa kila seva unataka kujua: inaendesha nini, nani anaitegemea, vifurushi vipi havikutoka kwenye hazina rasmi, na skripti gani zimejificha kwenye cron, kinachoendesha kazi kwa ratiba. Tafuta hasa skripti za Python 2 na zinazoanza na `#!/usr/bin/python`, kwa sababu toleo la 9 halina Python 2 kabisa. Tafuta pia mipangilio ya mtandao iliyoandikwa kwa mkono kwenye `/etc/sysconfig/network-scripts`. Toleo la 9 linatumia NetworkManager, na mafaili yake mapya hukaa `/etc/NetworkManager/system-connections`.

Kwa mashine pepe kuna mtego mmoja. Mwenyeji, yaani mashine halisi inayoibeba, anaweza kuwa na prosesa nzuri tu, lakini mashine pepe imepewa prosesa ya bandia ya aina ya `kvm64` iliyochaguliwa miaka mingi iliyopita. Ukiwasha toleo la 9 humo, linakufa dakika za mwanzo likilalamika kwamba CPU haifikii x86-64-v2. Kabla ya lolote, angalia `/proc/cpuinfo` ndani ya mashine pepe yenyewe. Usipoona `sse4_2` na `popcnt`, badilisha aina ya prosesa kwenye mwenyeji.

Mashine halisi zina shida ya kadi za RAID, zinazounganisha diski kadhaa ziwe kama moja. Tangu toleo la 8, draiva za kadi kadhaa za zamani zimeondolewa kwenye keneli, na kisakinishi hakitaona diski hata moja. Mradi wa ELRepo hutoa draiva za baadhi ya kadi hizo. Kwa seva ya wasanidi hilo linavumilika. Kwa klasta ya malipo, mimi nisingekubali.

Seva za wasanidi zikipita salama, klasta nayo si itapita?

Hapana, na mipango mingi huharibikia hapa. Seva ya wasanidi inakufundisha kuhusu vifurushi: programu yako inakubali OpenSSL 3? PHP ya zamani imepatikana? Huduma zinaamka baada ya kuwasha upya? Yote hayo ni muhimu. Lakini matatizo ya klasta yapo kati ya mashine na mashine: nani ana akidi (idadi ya nodi, yaani seva za klasta, inayotosha kuamua), nani anamzima nani, anwani ya IP inayohamahama iko kwa nani, na hifadhidata mbili zinakubaliana au la. Seva moja haiwezi kukuonyesha hata kimojawapo.

Kwa hiyo jenga klasta ya majaribio. Si lazima iwe kubwa. Mashine pepe mbili zenye kumbukumbu ya GB 4 kila moja zinatosha, mradi ziwe na mpangilio ule ule wa Pacemaker, anwani ya IP inayohama, na STONITH (utaratibu wa kuzima kwa nguvu nodi isiyojibu) inayofanya kazi kweli. Ukizima STONITH kwenye majaribio ili mambo yaende haraka, umeondoa kile ambacho usiku wa kazi kitakuzimia nodi ukiwa unaitazama.

Mpangilio unaoeleweka ni huu: wasanidi kwanza, kisha klasta ya majaribio, kisha kituo cha akiba kama mnacho, mwisho klasta za kazi, mkianza na ile ambayo ikilala hakuna atakayepiga simu.

Si tunaweza kupandisha nodi moja huku nyingine ikihudumia, halafu tukabadilishana?

Kwa masasisho madogo, mfano 9.4 kwenda 9.5, ndivyo inavyofanywa: `pcs node standby`, simamisha klasta kwenye nodi hiyo, sasisha, washa upya, rudisha, hakikisha, ndipo uende kwa mwenzake. Nodi mbili hazipaswi kuguswa kwa pamoja.

Kutoka 7 kwenda 8 au 9 haiwezekani. CentOS 7 ina Corosync 2, programu ambayo nodi huwasiliana kwayo, matoleo ya 8 na 9 yana Corosync 3, na lugha wanayozungumza kwenye waya ilibadilika. Nodi mpya na ya zamani hazitaonana kabisa, na kila moja itaamini mwenzake amekufa. Watumiaji wa Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, walikutana na jambo hilo hilo mwaka 2019 walipotoka toleo la 5 kwenda 6: ilibidi kwanza nodi zote ziwekewe Corosync 3 kwa pamoja, ndipo mfumo endeshi uguswe.

Njia inayobaki ni kujenga klasta mpya kando ya ile ya zamani, kisha kuhamisha kazi. Inagharimu mashine za ziada kwa majuma machache, na mhasibu atauliza. Mwambie ukweli: hizo ndizo njia yenu ya kurudi mambo yakiharibika.

Ukijenga mpya, usinakili mafaili ya mpangilio wa Pacemaker kama yalivyo. Toa maelezo kwa `pcs config`, yahifadhi, kisha andika upya kila kitu. Amri zimebadilika: `pcs cluster auth` imekuwa `pcs host auth`, na rasilimali za `master` sasa zinaitwa `promotable`. Usishangae pia `dnf`, iliyochukua nafasi ya `yum`, ikikuambia Pacemaker haipo. Kwenye CentOS 7 ilikuwa ndani ya hazina ya msingi, lakini Alma na Rocky wameiweka kwenye hazina ya `highavailability` ambayo huja ikiwa imefungwa. Ifungue kwa `dnf config-manager --set-enabled highavailability`.

Na Leapp? Nimesikia inapandisha seva bila kusakinisha upya.

Inapandisha, na mradi wa ELevate wa AlmaLinux umeifanya ifae kwa CentOS. Lakini hairuki ngazi: 7 kwenda 8, halafu 8 kwenda 9. Itumie kwenye seva za wasanidi zilizojaa vitu ambavyo hakuna anayekumbuka viliwekwaje. Endesha `leapp preupgrade` kwanza, soma `/var/log/leapp/leapp-report.txt` mpaka mwisho, na usiendelee hadi vizuizi vyote viishe. Hata hizo, kama programu zake zinaweza kusakinishwa upya kwa Ansible (zana ya kusakinisha kiotomatiki) ndani ya saa moja, sakinisha upya. Seva iliyopandishwa ngazi mbili hubeba takataka za miaka kumi.

Kwenye nodi za klasta usiilete.

Hifadhidata ina hatari gani? Data si ni ile ile?

Data ni ile ile, lakini namna ya kuipanga imebadilika, na jambo hili ni baya kuliko yote kwenye ukurasa huu kwa sababu halitoi kelele.

PostgreSQL kwa kawaida hutegemea maktaba ya glibc ya mfumo endeshi kuamua neno lipi linatangulia lipi. CentOS 7 ina glibc 2.17. Toleo la 9 lina 2.34. Katikati, kwenye 2.28 iliyotoka Agosti 2018, kanuni za mpangilio zilibadilishwa kwa kiasi kikubwa. Jionee mwenyewe. Endesha amri hii kwenye seva zote mbili:

`printf '1-1\n11\n' | LC_ALL=en_US.UTF-8 sort`

CentOS 7 itatanguliza 11, kisha 1-1. Toleo la 9 litatanguliza 1-1.

Sasa chukua sakosi yenye namba za wanachama za mtindo huo, zilizohifadhiwa kama maandishi, na faharasa iliyojengwa kwenye CentOS 7. Umenakili folda ya data nzima kwenda mashine mpya, au umeunganisha nodi mpya kwa urudufishaji wa kawaida wa WAL (kumbukumbu za mabadiliko ya hifadhidata). PostgreSQL inaamka, logi ni safi, kila mtu anapongezana. Asubuhi karani anamtafuta mwanachama kwa namba, mfumo unasema hayupo. Akifungua orodha nzima, anamwona. Faharasa imepangwa kwa kanuni za zamani na inasomwa kwa kanuni mpya. Baya zaidi, faharasa inayokataza namba kujirudia inaweza kukubali namba ile ile mara ya pili, na hapo hata kujenga faharasa upya kutagoma mpaka mtu akae asafishe zilizojirudia.

Njia salama ni zile zinazohamisha data kama safu za maandishi na kujenga faharasa upya upande wa pili. Kwa hifadhidata ndogo, `pg_dump` na `pg_restore` zinatosha. Pima muda wake kwenye klasta ya majaribio kwa data ya ukubwa halisi, usikisie. Kwa kubwa, tumia urudufishaji wa kimantiki, uliomo ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 10 la mwaka 2017. Klasta mpya inajazwa huku ya zamani ikiendelea kuhudumia, na usiku wa kuhama unasubiri tu zilingane.

Urudufishaji huo una masharti yake. Kila jedwali linalobadilishwa liwe na ufunguo wa msingi. Mabadiliko ya muundo wa majedwali hayavuki, kwa hiyo wasanidi waambiwe wasiguse muundo kwa kipindi hicho. Vihesabio vinavyotoa namba za kujiongeza navyo havivuki: ukisahau kuvisogeza mbele kwa `setval`, muamala wa kwanza wa asubuhi utajaribu kutumia namba ambayo imeshatumika.

Kama mmeshahama kwa kunakili folda na mnasoma hili mkiwa na wasiwasi, tumieni kiendelezi cha `amcheck` kukagua faharasa za maandishi, kisha `REINDEX`. Hifadhidata zilizoanzishwa kwa mpangilio wa `C` haziguswi.

Wasanidi wanalalamika: programu waliyounda kwenye seva mpya haiwaki kwenye seva za kazi.

Watakuwa wanaona ujumbe kwamba `GLIBC_2.34` haikupatikana. Programu iliyoundwa kwenye glibc mpya haishuki kwenye ya zamani, ingawa ya zamani kwa kawaida inapanda. Ndiyo maana usipandishe seva zote za wasanidi kwa mkupuo. Acha moja ya CentOS 7, au kontena lake, kwa ajili ya kuunda marekebisho ya dharura hadi klasta ya mwisho itakapohama. Ifungieni isionekane kutoka nje, na muandike tarehe ya kuizima, la sivyo mtaikuta hapo miaka mitano ijayo.

Tunapakua vifurushi mara ngapi? Intaneti yetu si ya kujivunia.

Mara moja. Tengeneza hazina ya ndani kwa `dnf reposync` na seva zote zichote humo. Kuokoa intaneti ni faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba hazina hiyo unaigandisha: vifurushi vilivyopimwa na wasanidi mwezi wa kwanza ndivyo vitakavyoingia kwenye klasta mwezi wa tatu. Bila hivyo, unachosakinisha usiku wa kuhama ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukijaribu.

Baada ya kuhama, baadhi ya vifaa vya zamani vimekataa kuunganishwa.

Tarajieni hilo. Toleo la 9 halikubali TLS 1.0 na 1.1 (itifaki za zamani za kusimba mawasiliano), wala saini za SHA-1, kwa sera yake ya kawaida. Programu za SSH za zamani, printa, na mashine za dukani ambazo hazijasasishwa tangu zinunuliwe zitagonga ukuta. Amri ya `update-crypto-policies --set LEGACY` italegeza baadhi ya mambo, lakini inalegeza seva nzima kwa ajili ya printa moja. Heri kuweka kipatanishi (proxy) kidogo mbele ya vifaa hivyo na kuiacha klasta na sera yake.

Tuhame lini?

Epukeni mwisho wa mwezi kwa sababu ya mishahara, na siku za kuelekea tarehe 20, ambayo ni mwisho wa ritani za VAT Kenya na hata Tanzania. Shule na vyuo viepuke Januari.

Kwenye hati ya mpango andikeni saa kwa mtindo wa 02:00 EAT (saa za Afrika Mashariki), si "saa 8 usiku". Mtu wa kampuni ya msaada aliye nje ya nchi atasoma 8 akaja asubuhi. Kama seva zinatumia UTC, kumbukeni kwamba 02:00 ya Jumapili kwetu ni 23:00 ya Jumamosi kwenye logi, na kazi za cron za usiku wa manane wa UTC zitaanguka katikati ya dirisha lenu, saa tisa ya usiku. Zisimamisheni mapema.

Usiku wenyewe unaendaje?

Programu inasimamishwa kwanza, ili hakuna anayeandika. Unasubiri klasta mpya ifikie mahali pa ya zamani, ukilinganisha `pg_current_wal_lsn()` na safu ya `replay_lsn` kwenye `pg_stat_replication`. Unahesabu safu za majedwali makubwa matatu au manne pande zote mbili. Unasogeza vihesabio. Halafu unazima rasilimali ya anwani ya IP kwenye klasta ya zamani kwa `pcs resource disable`, na kwa `arping` unahakikisha kweli hakuna anayeijibu. Hapo tu ndipo unaiwasha kwenye klasta mpya. Seva mbili zikidai anwani moja, wateja watagawanyika kila mmoja kwake, na kuunganisha data hizo baadaye ni kazi ya kulia.

Programu ikiamka, kabla ya kufungulia wateja, zima nodi hai kwa makusudi uone mwenzake anachukua kazi.

Na ikibidi kurudi?

Amueni saa ya kurudi kabla hamjaanza, na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuitamka. Kwa mfano, ikifika 03:30 programu haijaamka, mnarudi, hata fundi akisema bado dakika kumi. Mpaka hapo kurudi ni rahisi: klasta ya zamani iko kama mlivyoiacha.

Mteja wa kwanza akishaandika kwenye klasta mpya, kurudi maana yake ni kupoteza alichoandika, isipokuwa kama mmetega urudufishaji wa kimantiki wa kinyume, kutoka mpya kwenda ya zamani. Kwa mifumo ya fedha, utegeni. Wala msitegemee snapshoti (nakala ya hali ya wakati fulani) ya mashine pepe ya nodi moja ya hifadhidata: ukiirudisha, inaamka ikiwa na kumbukumbu za jana wakati mwenzake yuko leo.

Mkurugenzi anauliza: tulilipia klasta isiyolala, mbona mnaomba kuisimamisha?

Klasta inalinda dhidi ya mashine kufa. Hailindi dhidi ya kubadilisha msingi wa mashine zote. Mpe muda uliopimwa kwenye majaribio, na mwambie pia kwamba nodi moja inapokuwa kwenye matengenezo, mnatembea kwa mguu mmoja.

Klasta ya zamani tuizime lini?

Iacheni mpaka mzunguko mmoja wa kufunga mwezi upite kwenye klasta mpya, ripoti zote zikiwemo. Lakini usiku ule ule wa kuhama, endesheni `pcs cluster disable --all` kwenye ile ya zamani, na mwondoe huduma ya hifadhidata isiwake yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, seva za zamani zitawaka pamoja na mpya, na bila amri hiyo Pacemaker ya zamani inaweza kudai tena anwani ya IP kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama mnaweza, chomoeni kabisa waya zake za mtandao wa wateja, muache ule wa usimamizi tu.